Jiwe la Baba

Nimeambiwa kwamba Desemba hii ni ninyi vijana mtakaosimamia nyumba yetu ya mambo ya kale pale Sironga, tangu shule zifungwe hadi mwaka mpya, na kwamba mnataka niwaandikie jinsi sisi tulivyoianza kazi hiyo. Mmemwuliza mtu anayefaa. Wakati ule Nyamira ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kisii, na katika wilaya hiyo nzima hapakuwa na mtu mwingine aliyesomea utunzaji wa vitu vya kale. Nilikuwa peke yangu. Diploma ninayo hadi leo. Imetundikwa sebuleni juu ya redio, mahali ambapo jirani zangu hutundika kalenda.

Sikuzaliwa nayo. Nilizaliwa Nyamarambe, nikachunga mbuzi, nikauza ndizi sokoni, kisha nikafagia ofisi ya Mzungu mmoja aliyekuwa na vitabu vingi kuliko nguo. Kila kitabu alichonipa nilikisoma mpaka jalada likang'oka. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Barua ya kuomba nafasi Uingereza niliiandika mwenyewe, nikaipeleka posta mjini Kisii kwa miguu, na jibu lilipofika nikalifungua mwenyewe, maana nyumbani hapakuwa na mwingine wa kulisoma. Niliporudi, miaka michache baada ya uhuru, nilishuka Keroka adhuhuri nikiwa ndani ya suti ya sufu nzito. Mtu mmoja pale barabarani akasema, "Huyu atapikika humo ndani kama kiazi." Nikamjibu, "Nikiiva, nitaiva na diploma yangu." Kuanzia siku hiyo wakaniita Bwana Diploma. Sikuwakataza. Jina nililolitolea jasho kwa nini nilikatae?

Kwa nini Sironga na si Nyamarambe? Mke wangu ni mwenyeji wa huko, naye alikuwa akifundisha huko. Watu wa Sironga walinitania kwamba mimi ni mkwe niliyekuja kuhesabu nyungu za wakwe zangu. Kweli, nilizihesabu. Tuliunda chama kidogo cha mambo ya kale, walimu kadhaa, katekista mmoja, wazee wachache, na Bi Zuhura. Huyu alikuwa mke wa mwuza vitambaa mjini Kisii, mama wa Kiislamu mwenye Kiswahili kinachoteleza kama samli, na ndiye aliyetushonea mapazia bila kuombwa. Alisema hawezi kustahimili kuona dirisha liko uchi. Nyumba yenyewe tuliazimwa na chama cha wakulima wa pareto. Ilikuwa ghala lao la kukaushia maua, na hadi leo mvua ikinyesha harufu ya pareto hutoka ukutani. Msiione harufu hiyo kuwa kero. Pareto ni sumu ya wadudu, na katika nyumba yangu hakuna kigoda kilichowahi kuliwa na dumuzi. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wakinunua dawa kwa makopo, mimi nikiwa na kuta zinazofanya kazi hiyo bure.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe.

Ukienda kwa mzee kuuliza habari, usimwulize mwaka. Mwaka ni kitu cha ofisini. Mwulize mama wakati huo alikuwa amembeba mtoto gani mgongoni, au mwulize mzee wakati huo alikuwa amekwisha kutahiriwa au bado, na hapo atakumbuka hata rangi ya ng'ombe aliyepita njiani. Usiende mikono mitupu, hasa Desemba. Chama chetu kilikuwa na desturi ya kuwapelekea wazee wetu wa habari chumvi, sukari, kiberiti, na kwa wale waliokuwa wakiishi peke yao, blanketi. Mke wangu na katekista walizunguka vilima vyote kabla ya Krismasi. Ilikuwa heshima, na tena ilikuwa akili: mzee aliyelala na baridi hakumbuki vizuri.

Na chungu kikubwa kisibebwe kwa kukumbatiwa kifuani kama mtoto. Kitieni kata ya majani makavu ya mgomba chini yake, kikae. Nimeona mwalimu mmoja akikikumbatia chungu, akajikwaa, chungu kikabaki ukingo tu shingoni mwake kama kola ya padri. Tulicheka kwanza, tukalia baadaye.

Vilevile mtapata wageni wa imani mbalimbali, na kila mmoja ana macho yake. Mwaka wetu wa kwanza tuliweka mirija mirefu ambayo wazee walinyonyea pombe ya wimbi kutoka chungu kimoja. Mzee mmoja wa kanisa la Wasabato, mtu mwenye sauti kama ngoma, akasimama mbele yake akasema, "Bwana Diploma, mmefungua kilabu?" Nikamwambia, "Hapana, tata, huu ni ushahidi kwamba tuliacha." Alifikiri kidogo, akasema, "Basi iache hapo, vijana waione." Akawaleta vijana wa kanisa lake kundi zima. Hilo hamtalisoma kitabuni. Ni mimi niliyelibuni papo hapo, na limenisaidia mara nyingi.

Kwa nini tulifungua Desemba? Kwa sababu Desemba ndipo watu wetu wanapokuwa watu wetu. Miezi mingine wako mashamba ya chai ya Kericho, wako Nairobi, wako Mombasa bandarini. Shule zikifungwa, vijana wa jandoni wakianza kukaa ndani, barabara ya Keroka hujaa masanduku na magodoro yaliyokunjwa. Anayesherehekea Krismasi na asiyeisherehekea, wote huja kuona mama zao. Ukitaka mtu akuletee kigoda cha babu yake, au mzigo wa nyasi za kuezekea, au siku moja ya nguvu zake, mwombe Desemba. Januari atakwambia ana karo.

Basi nije kwenye jiwe.

Mwaka wa pili, chama cha wakulima wa pareto kilitaka ghala lake. Maua yalikuwa mengi, mvua ilikuwa nyingi, na mahali pa kukaushia palikuwa padogo. Mwenyekiti wao, Mzee Makori, alikuwa mtu mfupi mwenye kofia pana, na neno lake hakulirudia. Aliniita akaniambia, "Bwana Diploma, mimi sina ugomvi na nyungu. Lakini nimepita hapa mara kadhaa, nimekuona wewe na mke wako na yule mama wa mapazia. Kama ni kazi ya watu, watu wako wapi? Siku inayofuata Krismasi nitakuja. Nikikuta watu wa vilima hivi humu ndani, nyumba ni yenu. Nikikuta mapazia, naleta maua yangu."

Mnaelewa kilichokuwa hatarini. Hatukuwa na nyumba nyingine. Kila kitu tulichokuwa nacho kingerudi kilikotoka, na ninyi hamjui vitu hivyo vilikuwa vikifanya nini kabla ya kuja kwetu. Ngao ya vita ilikuwa mlango wa kuku. Kigoda cha mzee wa ukoo kilikuwa gogo la kupasulia kuni.

Wazee wenyewe walikuwa tayari kuja, ila walikuwa mbali na miguu yao ilikuwa imechoka. Hapo ndipo nilipomwendea Onchari.

Onchari alikuwa na lori Keroka. Alibeba ndizi kwenda Nakuru, chai, mbao, kila kitu. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, na kama mimi alikuwa amejitengeneza mwenyewe, kwa hiyo tuliheshimiana na kushindana. Alikubali mara moja. Angewachukua wazee wote siku hiyo, vilima vyote, na kuwarudisha. Tena, siku chache kabla ya Krismasi, alikuja na jiwe la kusagia wimbi, lile kubwa lililochimbika katikati kama kiganja, na lile dogo la kusukumia kwa mikono. Utingo wake wawili walilishusha wakitoa pumzi kama ng'ombe.

"Haya, andika," akaniambia. Nilimsemesha kwa Ekegusii, lugha yetu, akakataa. "Ofisini ni Kiswahili. Mimi nimefika Mombasa."

Sasa, mwalimu wangu kule Uingereza, bibi kizee mkali mwenye miwani ya kamba, alitufundisha sheria moja kubwa kuliko zote: maneno ya mwenye kitu yaandikwe kama alivyoyasema, usiongeze, usipunguze, kwa kuwa maneno nayo ni sehemu ya kitu. Sheria hiyo ni nzuri. Niliifuata kazi yangu yote na bado naitetea. Nikachukua kalamu, Onchari akasema, nami nikaandika kwenye kadi kwa mwandiko wangu mzuri:

*Jiwe la baba. Alikuwa akisaga wimbi hapa kila alfajiri, sisi tukiwa bado tumelala. Alisaga akiimba.*

Ninyi mliolelewa hapa mmekwisha kucheka. Kwa wale waliozaliwa Nairobi nieleze: kwa Ekegusii, baba ni mama. Yule ambaye Mswahili humwita baba, sisi tunamwita tata. Onchari alikuwa akisema Kiswahili, ila alipomfikia mama yake, ulimi ulirudi nyumbani. Na masikio yangu nayo ni ya Nyamarambe. Yalisikia mama, mkono ukaandika baba, na sote wawili tuliona ni kadi nzuri kabisa.

Kesho yake akaja Bi Zuhura na wanawake wenzake wa mjini kutundika mapazia yaliyofuliwa. Nilikuwa nje nikiwaonyesha vijana namna ya kufunga nyasi. Nikasikia kicheko. Kisha nikasikia Bi Zuhura akisoma kwa sauti, taratibu, kama msomaji wa habari redioni.

"Jiwe la baba! Alikuwa akisaga wimbi kila alfajiri, sisi tukiwa bado tumelala! Mashallah! Jamani, njooni mwone waume! Kumbe wanaume wa hapa hivi ndivyo walivyo? Mama yuko kitandani, baba yuko jiweni, tena anaimba!"

"Huyo mume anapatikana wapi?" mmoja akauliza.

"Mwenye jiwe ni Onchari wa lori. Huyu ni babake."

"Basi mimi nitamngojea huyo Onchari pale Keroka."

Unaweza kuzuia moto wa nyasi, lakini si jambo la namna hiyo. Kwetu wakati ule mwanamume aliyeshika jiwe la kusagia alikuwa kichekesho cha kilima kizima. Wanawake wale walirudi mjini kwa barabara, na barabara inapita Keroka. Krismasi yenyewe ilipofika, kila mwenye mdomo alikuwa akijua kwamba marehemu babake Onchari, mzee aliyekuwa na ng'ombe na mikuki, alikuwa akisaga wimbi. Wapakizi wa mizigo walimwita Onchari "mwana wa msagaji." Mwenye duka moja alimwuliza kama anaweza kumsagia debe moja.

Jioni ya Krismasi lori lilipanda kilima likipiga honi tangu chini. Bi Zuhura alikuwa ndani akipanga vikombe, kwa kuwa kwake siku hiyo ilikuwa siku kama nyingine. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Bwana Diploma! Toka nje!"

"Niko nje, ndugu yangu. Karibu."

"Usiniite ndugu! Umeniandika mtoto wa mwanamume anayesaga!"

"Nimeandika ulivyosema."

"Nilisema baba!"

"Na mimi nimeandika baba."

"Baba, bwana! Baba aliyenizaa!"

"Wote wawili walikuzaa, Onchari."

"Usinichezee! Aliyenizaa kwa tumbo!"

Nikaona midomo ya Bi Zuhura ikifunguka nyuma ya pazia. Onchari aliwaamuru utingo wake walipakie jiwe. Akasema lori halitakwenda popote kesho, na wazee waje kwa hiyo diploma yangu kama ina magurudumu. Nilimwambia kadi inaweza kuandikwa upya kwa dakika moja. Akasema kadi ndiyo, lakini vinywa vya Keroka nitaviandika upya kwa kalamu gani?

Utingo walikuwa wamekwisha kuliinua jiwe, wameinama, magoti yanatetemeka, tulipomwona mama yake Onchari akipanda njia na fimbo. Boma lao halikuwa mbali. Alikuwa amesikia honi, na honi ya mwanawe aliijua ikiwa na hasira na ikiwa haina. Sote tulimwita Magokoro, yaani bibi, kwa umri wake. Alisimama kwanza apate pumzi.

"Onchari. Jiwe linakwenda wapi?" Alisema kwa Ekegusii, nami nawaandikia kwa Kiswahili.

"Linarudi nyumbani, baba."

Vikombe vikagongana mle ndani. Bi Zuhura akatoka mbio. "Ngojeni! Umemwita nani baba? Baba ndiye huyu?" Akamtazama Magokoro toka kitambaa cha kichwani hadi miguuni. "Yallah! Basi mimi nimeuchekesha mji mzima juu ya mtu kwa kosa la ulimi!"

Magokoro alikuwa bado anamtazama mwanawe.

"Nyumbani litakaa wapi?"

"Tutalitafutia mahali."

"Chini ya pipa la maji. Wake zenu wanapeleka mahindi kwenye mashine, wamelisogeza jiwe hili mara mbili tayari. Mara ya tatu watalitia kwenye msingi wa choo." Akawaambia utingo, "Ninyi watoto, liwekeni chini, mtavunjika migongo." Wakaliweka, wakashukuru. "Sasa nisomeeni hiyo karatasi yenye vita."

Nikamsomea, nikamfasiria neno kwa neno. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilidhani atacheka kama wengine. Hakucheka.

"Ni kweli nilikuwa naimba," akasema. "Sikujua kama mlikuwa mnasikia."

Onchari akatazama tairi la lori lake.

"Tulikuwa tunasikia, baba."

"Mnasikia na mnajifanya mmelala."

"Tukiamka ungetutuma maji."

Bi Zuhura alianza kucheka tena, kisha akajifunika mdomo kwa mtandio.

"Lakini jina langu liko wapi?" Magokoro akaniuliza mimi. "Hapo umeandika jiwe, umeandika wimbi, umeandika alfajiri. Nilipokuwa msichana niliitwa binti ya fulani. Nilipoolewa nikawa mke wa fulani, kisha mama Onchari, sasa ni Magokoro wa kila mtu. Nilisaga hapo mpaka jiwe likawa na shimo. Mtu akija kusoma akiwa hanijui, atajua mimi ni nani?"

"Jina lako ni nani, Magokoro?" Bi Zuhura akauliza.

"Kwamboka."

Vijana, hapo ndipo mtu aliyesoma hujulikana. Palepale, nikiwa nimesimama, niliona kwamba sikuhitaji kufuta neno hata moja la Onchari. Sheria ya mwalimu wangu ingebaki nzima. Nilitoa kalamu mfukoni, nikaongeza neno moja tu kwenye mstari wa kwanza, ukawa: *Jiwe la baba, Kwamboka.* Kwamboka ni jina la kike; hakuna Mkisii atakayeisoma kadi hiyo akafikiri juu ya mwanamume. Na asiye Mkisii atauliza, nasi tutamweleza, naye atarudi kwao akijua neno moja la lugha yetu. Tangu siku ile hakuna kadi iliyotoka mkononi mwangu bila jina la aliyekitumia kitu, mahali pa kwanza kabisa. Miaka mingi baadaye nilisikia wakubwa wa Nairobi wakifundisha jambo hilo kama jipya. Mimi nilikuwa nimelifanya Sironga, jioni ya Krismasi, kadi ikiwa juu ya boneti ya lori.

Onchari akaisoma. "Sawa. Lakini kesho watu watakuja kunicheka tu."

"Wacha waje," mama yake akasema. "Si mnatafuta watu? Wakucheke wakiwa ndani ya nyumba, kuliko wakucheke barabarani."

Nilitamani ningesema hilo mimi.

Siku ya pili lori lilianza safari zake jua likichomoza. Onchari hakunisalimu, lakini aliwaleta. Wazee wa kiume walikaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyofungwa kwa kamba, wanawake juu ya magunia ya majani makavu, na mmoja alikuja na obokano yake, ule uzeze mkubwa wa nyuzi nane unaonguruma kama mtu mwenye kifua kipana, akiupiga tangu njiani. Na Magokoro alikuwa amesema kweli. Nusu ya Keroka ilikuja kuona jiwe la babake Onchari. Walikuja wakicheka, wakasoma jina, wakacheka zaidi kwa sababu waligundua walivyokuwa wamekosea wao wenyewe. Bi Zuhura alisimama kando ya kadi akimweleza kila mtu wa mjini, "Baba kwao ni mama, usiniulize kwa nini," kana kwamba yeye ndiye aliyeligundua. Walioleta ndizi waliziweka mlangoni, walioleta nyasi walizirundika nje. Mke wangu alikuwa akipika uji kwenye sufuria la shule.

Mzee Makori akafika, kofia kichwani. Alipita kati ya watu akitazama juu kwenye paa na chini sakafuni. Nilijua anapima trei zake za pareto. Nilianza hotuba niliyoiandaa, hotuba nzuri sana, ila aliinua mkono.

"Watu nimewaona. Lakini watu hujaa hata kwenye ajali. Hivi vitu vinafanya nini? Pareto naijua kazi yake." Akaligusa jiwe kwa ncha ya kiatu. "Hili bado linasaga?"

"Linasaga," akasema Magokoro Kwamboka. "Mimi ndiye nisiyesaga. Magoti hayakunjiki tena." Akatazama huku na huku, kisha akamwona mwanawe mlangoni, suti ya buluu, tai, ufunguo wa lori ukining'inia kidoleni. "Onchari. Njoo upige magoti."

Mwenye obokano akaacha kupiga.

"Baba, hapana."

"Mwenyekiti ameuliza."

"Wapo wanawake hapa."

"Wanawake hawa sikuwaamsha mimi kwa wimbo. Nilikuamsha wewe."

"Bwana Onchari," Bi Zuhura akasema kwa sauti tamu kabisa, "lori unaliendesha, jiwe linakushinda?"

Nilimwona Onchari akipima. Mtu aliyejitengeneza mwenyewe huwa na hofu moja, kwamba watu watakumbuka alikotoka. Naifahamu hofu hiyo. Lakini mama yake alikuwa amekwisha kumnyooshea mkono apokee koti, na mkono wa mama haukai hewani mbele ya watu. Akavua koti. Akatia tai ndani ya shati. Akapiga magoti, akamimina konzi ya wimbi, akalishika jiwe dogo kwa mikono yote miwili.

Kelele zilizopigwa zilisikika hadi sokoni. Hakujua kusaga. Nusu ya wimbi iliruka sakafuni. Magokoro alimwongoza kwa fimbo, "Sukuma kwa mgongo, si kwa mikono. Rudisha polepole. Hapana, huogopi usukani, unaogopa jiwe?" Kisha, bila mtu kumwomba, akaanza kuimba, kwa sauti nyembamba iliyokatika katikati na kuendelea, na mwanawe akaupata mwendo. Jiwe likaanza kunguruma vile linavyotakiwa. Wazee waliufahamu wimbo. Wanawake kwenye kona wakaushika, na mwenye obokano akatafuta sauti akaipata.

Watoto wa Onchari walikuwa wamekuja na mama yao kutoka Keroka. Walikuwa watoto wa mjini, Kiswahili chao cha shule. Mdogo alipenya kati ya miguu ya watu hadi mbele, akasimama, akageuka akawaita wenzake kwa nguvu zake zote:

"Njooni muone! Baba anasaga! Baba anasaga wimbi!"

Mzee Makori alicheka mpaka akavua kofia. Alipotulia, aliinama akachota unga kidogo kwa vidole, akaunusa.

"Mama yangu alikuwa na jiwe kama hili," akasema. "Nafikiri ndilo ninalolikanyaga kila siku mlangoni kwangu."

"Lilete," nikamwambia. "Na jina lake."

Alikunywa uji wa unga ule. Ulikuwa na mchanga, nasi sote tulijifanya hatuuoni. Alirudisha kikombe kwa Bi Zuhura, akavaa kofia yake, akatoka nje akatazama mbingu kama mkulima anavyofanya. Akasema, "Maua nitayatafutia jua pengine." Mtu yule, kama nilivyowaambia, hakurudia neno. Nyumba imekuwa yetu tangu siku hiyo.

Jiwe lake lililetwa kabla ya mwaka kwisha. Liko mkono wa kushoto mnapoingia, na jina liko juu.

Kwa hiyo Desemba hii fungueni madirisha mapema, pelekeni chumvi na sukari kwa wazee kabla ya kuwauliza lolote, na kila atakayewaletea kitu mwulizeni jina kwanza. Jiwe la Kwamboka liacheni pale mlangoni, lisiwekwe ndani ya kioo. Kadi ni ileile niliyoiandika mimi, na msiruhusu mtu yeyote kuisahihisha, hata akiwa na diploma. Aliyeisoma kwa Ekegusii amesoma kweli. Na tangu siku ile Onchari alipopiga magoti, aliyeisoma kwa Kiswahili amesoma kweli pia.